Unga wa Musafiri

Kabambare, tarehe 4 Septemba 2024

Kwa kaka yangu mkubwa Kassimu, Salamabila

Yaya Kassimu,

Assalam alaikum, wewe na nyumba yako yote. Barua hii ikukute mgongo wako umetulia na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Nisalimie sana wifi yangu, na wale mapacha ambao mara ya mwisho waliniuliza kama mimi ni nyanya yao. Huku kwetu tuko wazima. Mama anakula, anasali na anagombana na mbuzi wa jirani, basi ujue ni mzima kweli. Goti lake la kushoto tu ndilo halimsikii, lakini juzi alirudi shambani na mzigo wa kuni kichwani, na nilipomkaripia alinijibu kwamba goti ni lake, si langu.

Sasa najua umesimama mbele ya duka, mikono kiunoni, unatazama nyuma ya pikipiki ya Musafiri na kuona nafasi iko wazi. Uliagiza mtoto, umeletewa bahasha. Tafadhali usimfokee Musafiri. Yeye ni dereva tu, na ni mimi niliyemwambia aondoke bila Soraya. Ingia ndani, kaa, omba chai, usome pole pole mpaka mwisho. Nakujua unavyoruka mistari ukishakasirika. Leo usiruke.

Nianze na shule, maana kwangu kila habari huanzia shuleni. Institut Tujikaze ilifunguliwa Jumatatu. Ungeiona usingepotea: darasa la saba na la nane, wale wadogo wanaoanza sekondari, bado wako kwenye jengo la udongo upande wa chini, wakubwa wako kwenye jengo la matofali upande wa juu, na katikati uwanja ni mmoja, bendera ni moja, na kengele ni moja, ile jante, rimu ya gurudumu la lori, niliyoigonga mpaka upande mmoja umebonyea. Watoto wa kutoka vijiji vya Wamaza wamefika na masufuria yao na mihogo yao, wamepanga vyumba karibu na soko, na kila asubuhi wanafika wakinuka moshi. Madame Victorine, yule mama wa Kasongo aliyekuja kuwa prefe wetu, mkuu wa shule, miaka mitatu iliyopita, ameongeza madarasa mawili ya saba. Watoto wanakaa wanne kwenye benchi ya watatu, na yule wa mwisho anaandika akiwa nusu hewani.

Ile desturi yetu ya mdogo wa benchi bado iko. Unakumbuka: kila mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari, yule wa mwaka wa mwisho, anapewa mtoto mmoja wa darasa la saba, amfundishe hesabu saa ya mapumziko na kumlinda asionewe, na yule mdogo anamchotea maji na kumfutia ubao. Mwaka jana Soraya alipewa mmoja, lakini nilipokuwa napita na fimbo yangu ya kengele nilikuwa namkuta na saba au nane, wamemzunguka chini ya ukingo wa paa, anawagawia vijiti vya hesabu. Mtoto wako ana kipaji cha kufundisha, yaya. Nakuambia hivyo mapema, kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe unalijua. Matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka, Soraya alipanda kilimani kwenye mtandao, akatuma namba yake kwa simu, na jibu likamrudia kwamba ameanguka. Kati ya wanafunzi kumi na tisa wa sita, kumi na wawili walipita, yeye hakuwemo. Nataka ujue alivyofanya baada ya hapo. Hakuzunguka kwa rafiki, hakujificha. Alishuka moja kwa moja mpaka kwetu, na kabla hajavua viatu alitupigia magoti, Mama na mimi, akasema kwamba hakupita. Majirani walikuwepo wawili. Alisema mbele yao. Kisha akaingia jikoni akapika bugali, akatupakulia, yeye mwenyewe hakula.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu kule kilimani. Nilitumaini mara ya pili utakuwa na huruma kidogo kuliko mara ya kwanza. Ulimwambia: “Shangazi yako alipita mara moja tu, tena bila viatu. Weye nilikununulia viatu, ukaanguka. Basi, masomo imeisha. Musafiri akija, panda pikipiki, uje usimame kwa duka mpaka mwanaume apatikane.” Soraya naye aliusikiliza. Hakubisha. Alianza kufunga nguo zake, na ile kofia yake ya mahafali aliyoshona na wenzake kwa karatasi ngumu akaitia chini kabisa ya mfuko, kisha akaitoa, akaiacha juu ya kitanda changu.

Nilipoiona ile kofia sikulala vizuri siku tatu nzima. Wewe hukumhukumu kwa makosa yake, yaya. Ulimhukumu kwa kumpima na mimi. Basi ni lazima ukijue vizuri hicho kipimo chako.

Turudi mwaka wa 2006. Baba alikuwa ameshafariki, na wewe ulikuwa umeacha shule kwenye darasa ambalo leo wanaliita la nane, ukasema mmoja akilima na mwingine akisoma nyumba haitaanguka. Ulilima mashamba ya watu, mkono wako wa kulia ukawa mgumu kama ganda la kokwa ya mchikichi. Mwisho wa mwaka ule nikafanya mtihani, tukawa tunasubiri. Wakati ule simu hazikuwa zimetufikia. Orodha ya waliopita ilikuwa inafika Kasongo kwanza, na prefe wetu wa zamani, Monsieur Gérard, alikuwa anamtuma dereva mmoja akaitazame. Na desturi unaijua kuliko mimi: dereva akija na habari njema alikuwa anajipaka poda nyeupe kichwani na mabegani kabla ya kuingia mjini, anapita barabarani mweupe, na nyumba atakayoingia kwanza, basi mtoto wa nyumba hiyo amepita. Akifika na rangi yake ya kawaida, watu walikuwa wanarudi ndani kimya na kufunga mlango.

Mwaka ule aliyetumwa alikuwa Musafiri, kijana, ndevu bado. Tukamwona anatokea kwenye mteremko wa mto, mweupe kichwa mpaka viatu. Mweupe zaidi ya madereva wote tuliowahi kuwaona! Akakata kona akaingia moja kwa moja kwenye uwanja wetu. Yaya, hata pikipiki hakuwahi kuizima. Mama alipiga vigelegele, shangazi wa jirani akapokea, wewe ulinibeba mabegani ukaanza kuzunguka nyumba ukipiga kelele: “Tuko na diplomée! Kwetu tuko na diplomée!” Mama akamwaga kopo zima la poda kichwani mwangu. Ulichinja yule mbuzi mweusi uliyekuwa unamtunza kwa ajili ya kumalizia mahari yako. Musafiri mwenyewe alipewa paja, akala, akacheza, akaenda zake. Na wewe ukachukua mkaa ukaandika ukutani, herufi kubwa zinazopanda kilima: DJAMILA DIPLOMÉE 2006.

Yaya, ule weupe haukuwa poda. Ulikuwa unga wa muhogo.

Musafiri alikuwa amefika Kasongo akakuta orodha haijatoka. Akaamua asirudi mikono mitupu, akapakia gunia la unga la mfanyabiashara mmoja wa hapa. Pale kwenye mto, kwenye tope, pikipiki ikamwangusha, gunia likapasuka, akaoga unga. Kwetu ni nyumba ya kwanza ukishapanda kutoka mtoni, ndiyo maana aliingia. Alikuja kuomba maji ya kunawa. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, akicheka mpaka machozi: alikuwa amefungua mdomo kusema “Mama, munipe maji,” akasikia vigelegele, akadhani amekutana na harusi. Alipopewa nyama aliona si adabu kuuliza.

Mimi sikujua. Siku ile nilicheza kwa moyo mweupe, na nakuapia kwamba katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo tena. Siku ya tano orodha ikafika kweli. Monsieur Gérard alituita ofisini mmoja mmoja. Tulikuwa kumi na mmoja, walipita sita. Alinigeuzia karatasi nisome mwenyewe, nikatafuta jina langu juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Halikuwepo. Mzee alivua miwani akaniambia kwamba alisikia ngoma za kwetu na hakuelewa, na kwamba habari hii ni yangu mimi kuipeleka nyumbani, si yake. Akaifungia karatasi kwenye droo. Wenzangu hawakuuliza kitu. Kwao mimi nilikuwa nimeshapita tangu wiki iliyopita.

Nilitoka pale na maneno tayari mdomoni. Njia nzima nilikuwa nayarudia. Nikafika nyumbani, nikakukuta umefunga mzigo. Ulikuwa umesimama na majirani, Soraya yuko mgongoni kwa mama yake, hana hata mwaka, na ulikuwa unawaambia kwamba sasa unaweza kwenda Salamabila kuchimba dhahabu na moyo mwepesi, kwa sababu kazi aliyokuachia Baba umeimaliza. Uliniona, ukanishika kichwa, ukapangusa poda iliyobaki nyuma ya sikio langu. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake asubuhi ulikuwa umeshaondoka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka kumi na minane, na kila siku ya njia hiyo nimeogopa. Ningekuwa nimesema, ningerudia mwaka, na pengine ningepita. Lakini ningerudiaje mwaka, mtu aliyeshapakwa poda na kuandikwa ukutani? Nilikaa nyumbani mwaka mzima na aibu ambayo hakuna aliyeiona. Monsieur Gérard ndiye aliyekuja kunitoa. Alisema kama nimeshindwa kusema, angalau nisiikimbie shule, na akanipa fimbo ya kengele. Mungu amrehemu. Ndiyo maana, kila uliponiuliza kwa nini diplomée anagonga jante badala ya kufundisha, nilikujibu kwamba makaratasi ya diploma bado hayajatoka, na kwa kuwa kwa watu wengi huwa yanachelewa kweli, uliniamini. Baadaye nikakujibu kwamba naipenda kengele. Hilo halikuwa uongo. Naipenda. Nawapenda wale watoto wanavyokimbia nikiigonga, hasa wa saba, ambao hukimbia hata kama hawajachelewa.

Mama nimemwambia Jumamosi, kabla ya kukuandikia. Nilimkuta anachambua majani ya sombe, nikakaa chini, nikasema yote bila kupumzika. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwamba siku ile alimkumbatia Musafiri, na ule weupe ukamwingia mdomoni. “Nilionja,” akasema. “Iko muhogo.” Nikamuuliza kwa nini basi hakutuzuia. Akasema wewe ulikuwa umeshaninyanyua mabegani, na tangu Baba afariki alikuwa hajakuona unacheka, angekuzuia kwa mkono gani? Alidhani matokeo yatakuja baadaye na yatakuwa mema, na aliponiona nimenyamaza akafikiri yalikuja mema. Kisha akaniuliza kama nitamsaidia kuchambua sombe au nimekuja kulia tu. Basi nikachambua huku nalia.

Jumapili jioni nilikwenda kwa Madame Victorine. Yeye nilimwogopa kuliko Mama. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza, akaniuliza kama bulletin zangu za alama za darasa la tano ninazo. Ninazo, Mama alizitunza ndani ya sanduku pamoja na sanda yake. Akazitazama karatasi hizo moja moja, akasema kwamba umri si ugonjwa, na kwamba shule ya Serikali haina benchi iliyoandikwa miaka. Shida yake moja ilikuwa kengele, nani ataigonga. Tukalipanga hivi: nitakaa benchi ya karibu na mlango, saa ikifika nitatoka, nitagonga, nitarudi kukaa. Waalimu wameshaarifiwa. Mmoja wao nilimgongea kengele alipokuwa darasa la nane, sasa ananifundisha Kifaransa na anaona haya kuniita kwa jina.

Ndiyo, yaya. Dada yako ana miaka thelathini na minane na amerudi darasa la sita. Mama ameshanishonea sketi ya bluu. Amesema kitambaa kilichotumika kingetosha wasichana wawili na bendera. Jumatatu niligonga kengele, nikapanga mstari na wanafunzi, watoto wa saba wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Na mdogo wa benchi nimepewa pia, mtoto wa Wamaza asiyejua bado kugawanya. Hata mimi kugawanya kumeanza kunitoka, tutasaidiana.

Benchi ya karibu na mlango ni ya watu wawili. Upande wa pili hakuna mtu. Madame Victorine ameandika jina la Soraya kwa penseli na atalingoja mpaka mwisho wa juma lijalo. Soraya hajui kama nimekuandikia haya yote. Anajua tu kwamba Musafiri ataondoka bila yeye, na tangu jana anafagia uwanja mara tatu kwa siku na kusikiliza kila pikipiki.

Sasa nasema ombi langu, na nalisema nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Mrudishie mtoto mwaka wake. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia hivyo nilipoanguka hesabu. Ameanguka mara moja, kama mimi. Lakini yeye alisema siku ile ile, mbele ya majirani, kabla ya kuvua viatu. Mimi nimehitaji miaka kumi na minane na barua. Kama ulitaka apite kama shangazi yake, basi jua ameshampita shangazi yake.

Kama lazima ukasirike na mtu, nikasirikie mimi. Nina haki ya hasira yako, mbuzi wako mweusi nilimla. Najua umenisifu kwa watu wote wa Salamabila, na najua utaona aibu, na aibu hiyo inaniuma kuliko yangu. Naomba unisamehe. Hukunipa kisomo peke yake, ulinipa ujana wako, nami nikakulipa kwa kunyamaza. Hata hivyo nakupenda, yaya, na nilikuwa nanyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Yale maandishi yako ya mkaa bado yako ukutani. Kila kiangazi Mama akipaka nyumba udongo mpya anayazunguka kwa mkono, hayagusi. Juzi nilichukua tope niyafute, akanishika mkono. Alisema aliyeandika ni wewe, basi wewe ndiye utakayekuja kuamua. Ikikupendeza, uyafute. Ikikupendeza zaidi, uyaache, mwaka ujao uongeze jina la pili chini yake na kurekebisha ile tarehe.

Sina jingine. Wifi nimemwekea kikapu kidogo cha karanga, asiwape mapacha zote kwa siku moja. Mama anasema umkumbuke kwenye dua zako na uvae koti ukishuka shimoni. Soraya anakuamkia, ingawa hajui la kusema, na mimi nakuamkia mara mbili, mara moja kwa ajili yake.

Musafiri atalala huko siku moja, ili upate nafasi ya kukasirika na nafasi ya kutulia. Jibu lako mpe yeye. Ila nakuomba kitu kimoja: kama ni ndiyo au kama ni hapana, mwambie asipakie unga. Tutakuwa tumesimama uwanjani, sisi watatu, tunatazama mteremko wa mto, na safari hii nataka tumwone kwa rangi yake mwenyewe.

Mdogo wako,

Djamila
mpiga kengele na mwanafunzi wa darasa la sita, Institut Tujikaze